Arduino IDE, PlatformIO, Thonny au simu tu? Ulinganisho kutoka mwalo wa Kibirizi

Saa moja asubuhi pale Kibirizi, Kigoma, hakuna mtu mwenye muda na fundi. Dagaa wanashushwa, akina mama wanabishana bei, wachukuzi wanakupigia kelele upishe njia. Katikati ya hekaheka hiyo nahodha mmoja alitua betri yake ya volti 12 mbele yangu, kikopo changu cha plastiki kikiwa bado kimeunganishwa nayo. Ndani ya kikopo mna Arduino Nano, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu. Usiku kucha ilikuwa na kazi moja tu: kupima volti za betri inayowasha taa za kuvutia dagaa, na kukumbuka zilishuka mpaka wapi.

Nikachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, nikafungua dirisha la kusoma ujumbe wa bodi. Mstari wa kwanza huu hapa:

```
dakika 0 | volti 12.06 | ya chini 12.06
```

Usiku mzima ziwani, kifaa kinasema dakika sifuri.

"Fundi, hiki kitu kilikuwa kimelala?"

"Hapana mzee, hakikulala." Sikumalizia sentensi, maana ukweli ulikuwa wa aibu: kumbukumbu ya usiku mzima niliifuta mimi mwenyewe, sekunde ileile nilipofungua dirisha.

Iko hivi. Kwenye Nano na dada yake Uno kuna chipu inayotafsiri USB kwenda seriali, yaani data inayopita biti moja moja kwenye waya. Kwenye kopi nyingi za Kichina chipu hiyo ni CH340. Mstari wake mmoja, unaoitwa DTR, umeungwa kwenye mguu wa RESET kupitia kapasita ndogo ya nanofaradi 100. Programu ya kompyuta ikifungua poti, DTR inabadilika, kapasita inapitisha mshtuko mfupi, bodi inaanza upya. Walioibuni walifanya hivyo kwa makusudi, ili bodi ipokee programu mpya bila wewe kubonyeza kitufe kwa wakati barabara. Raha kwenye kupakia, msiba kwenye kusikiliza.

Tangu siku ile nikiulizwa "nitumie programu gani kuandikia bodi", sianzi na nani anapakia haraka. Kupakia kwenye Nano ni sekunde chache kwa zana yoyote ile. Kinachokula siku, na bando, na uvumilivu, ni kusoma bodi inasema nini baadaye. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupima kwa sikio. Muda wa kuzijaribu zana zote niliupata mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwalo ulipokuwa kimya, na wateja wangu wa betri wakawa kimya.

Kwa mwenye haraka, picha ya jumla ni hii (IDE ni programu ya kuandikia na kupakia, ESP32 ni bodi nyingine yenye Wi-Fi):

| Zana | Kompyuta inayotaka | Bando la kuanzia | Kusikiliza |
|---|---|---|---|
| Arduino IDE 1.8.19 | hata kuukuu | la wastani | dirisha la pembeni, haiandiki faili |
| Arduino IDE 2 | Windows 10 na kuendelea, biti 64 | la wastani, kubwa kwa ESP32 | dirisha la chini, haiandiki faili |
| PlatformIO | yenye RAM ya kutosha | kubwa | bora kuliko zote |
| Thonny na MicroPython | ya kawaida | dogo | unaongea na bodi ana kwa ana |
| Simu ya Android | hakuna | dogo kabisa | nzuri, na unatembea nayo |

Jedwali linadanganya kidogo, kama majedwali yote. Tuingie ndani.

Arduino IDE: ya zamani na mpya

Wengi mnaijua hii. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, na mpaka leo ukimwona kijana ana bodi mkononi, programu ya kwanza kwenye kompyuta yake ni IDE yao. Tatizo ni kwamba ziko mbili, na watu wanazichanganya.

Toleo la 1.8.19 ndilo la mwisho la ukoo wa zamani. Haliongezewi kitu tena. Lakini linafungua kwenye kompyuta ya Windows 7, hata ya biti 32, zile ambazo bado zinafanya kazi kwenye steshenari za Mwanga na Ujiji. Monita yake ya seriali, yaani pa kusomea ujumbe wa bodi, inafunguka kama dirisha lake lenyewe. Unaisogeza pembeni, unaandika programu huku na kusoma kule. Kuna kisanduku cha kuonyesha saa kwenye kila mstari, kuna cha kusimamisha maandishi yasikimbie. Chombo cha kuchora grafu kinabeba pointi 500 kwa mkupuo, ambazo kwa kazi ya betri zinatosha kuona mteremko.

Toleo la 2 lilitoka rasmi Septemba 2022, na kwa kuandika ni tamu zaidi: linakukamilishia majina na linakuonyesha kosa kabla hujapakia. Ila ni zito. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 nimekaa nikaliangalia likifunguka mpaka chai ikapoa. Monita imebanwa sehemu ya chini ya dirisha na huwezi kuitoa ikae peke yake, kwa hiyo kwenye kioo kidogo unabaki na mistari sita ya ujumbe na mistari kumi ya programu. Grafu yake inaonyesha pointi 50 tu. Hamsini! Ukituma kipimo kila sekunde, unaona chini ya dakika moja. Sielewi nani alifikiri hiyo inatosha.

Zote mbili zina upungufu mmoja unaoniuma: hazikuandikii ujumbe kwenye faili. Ukitaka kutunza usiku mzima, inabidi unakili kwa mkono kabla hujafunga. Umeme ukikatika na betri ya kompyuta imechoka, umeambulia patupu.

Kuhusu bando, hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa kozi za mtandaoni hawalisemi kwa sababu hawajawahi kulipia intaneti kwa megabaiti. Uno na Nano huhitaji upakuaji mdogo. Ukiongeza ESP32, IDE inapakua vifaa vya kutafsiri programu vya mamia ya megabaiti, na ukikatika njiani mara nyingi unaanza tena. Njia ya mkato: mtu mmoja apakue mara moja, wengine wanakili kwa flashi. Kwenye Windows folda ni `AppData\Local\Arduino15` ndani ya akaunti yako, na kwenye Linux ni `.arduino15`. Maktaba, yaani programu za wengine unazoziazima kwenye yako, ziko kwenye `Documents\Arduino\libraries`. Sisi hapa tumeshirikiana folda hilo vijana wanne, na liliwahi kwenda Kasulu ndani ya flashi moja kwenye mfuko wa shati. Hakikisheni tu mnatumia mfumo ule ule wa kompyuta. La Windows halifai kwenye Linux.

PlatformIO: ya mtu aliyeshikwa na ESP32

PlatformIO inakaa ndani ya VS Code, programu ya kuandikia programu. Kuisimika ni safari ya bando, na mara ya kwanza ukijenga mradi inapakua tena vifaa vya bodi yako. (Vinakaa kwenye folda `.platformio`, nalo linanakilika.) Ukilinganisha na IDE, mwanzo wake unachosha: hakuna kuchagua bodi kwenye menyu ukaondoka, kila mradi una faili la mipangilio. La kwangu kwa ESP32 linafanana na hili:

```
[env:esp32dev]
platform = espressif32
board = esp32dev
framework = arduino
monitor_speed = 115200
monitor_filters = time, log2file, esp32_exception_decoder
```

Angalia mstari wa mwisho. `time` inapachika saa kwenye kila ujumbe. `log2file` inaandika kila kitu kwenye faili bila kuombwa. Hiyo peke yake ilinifanya niihamie kwa kazi za usiku. Na ya tatu ndiyo dawa ya wale ambao ESP32 imewahi kuwatukana. ESP32 ikianguka haifi kimyakimya. Inatapika "Guru Meditation Error" na msururu wa namba kama `0x400d1a2c`. Kwenye IDE ya kawaida namba hizo ni kama maandishi ya mganga. Kichujio hiki kinazigeuza kuwa jina la faili na namba ya mstari: umeanguka hapa, mstari wa 47. Kilichokuwa kazi ya siku mbili kinakuwa cha robo saa.

Jingine ni kwamba maktaba unazotumia zinaandikwa ndani ya mradi pamoja na toleo lake. Miezi sita baadaye mradi unajengeka vilevile. Kwenye IDE maktaba ni za wote, ukisasisha moja kwa ajili ya mradi wa leo unaweza kuvunja wa jana, na utagundua siku mteja amesimama mlangoni.

Na ule ugonjwa wa kuanza upya? PlatformIO inakubali uongeze `monitor_dtr = 0` na `monitor_rts = 0`, yaani ifungue poti bila kugusa mistari hiyo. Kwenye Windows huwa inasaidia. Kwenye Linux mfumo wenyewe huinua DTR poti inapofunguliwa, hivyo usiiamini kwa kazi ya maana.

Kama una Uno na unawasha taa tatu, PlatformIO ni kukodi lori kubeba debe moja la dagaa. Usijitese.

Thonny na Pico: mshindani niliyemdharau

Nakiri nilimdharau. Thonny ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa wanafunzi wanaoanza Python, nami nikaiona ni ya watoto. Nikaijaribu na Raspberry Pi Pico, bodi iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya kiwandani ya dola 4, yenye chipu ya RP2040 na RAM ya kilobaiti 264. Nano ina kilobaiti 2.

Kuanza ni hivi: unashika kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka USB, kompyuta inaona kitu kama flashi, unakokotea ndani yake faili la MicroPython, yaani Python ya bodi ndogo. Hilo unafanya mara moja tu, na faili lenyewe halifiki hata megabaiti 1. Baada ya hapo hakuna tena kutafsiri wala kusubiri. Unaandika mstari, unabonyeza, bodi inajibu papo hapo. Ukitaka kujua mguu wa GP26 unasoma ngapi, unauliza kama unavyomuuliza mtu:

```
>>> from machine import ADC
>>> ADC(26).read_u16()
25526
```

Kwenye Arduino swali hilohilo linataka uandike programu, uipakie, ufungue monita. Kwa anayejifunza, tofauti hiyo ni kubwa kuliko zote nilizozitaja. (Kipimo kinakuja kati ya 0 na 65535, ingawa kipimaji chenyewe ni cha biti 12. Usihadaike ukadhani umepata usahihi wa bure.)

Lakini kilichonigeuza kabisa ni hiki. Pico yenye MicroPython ina mahali pa kuhifadhi mafaili ndani yake, takriban megabaiti 1.4. Badala ya kungoja nije niisikilize, inaandika shajara yake yenyewe:

```
with open("usiku.csv", "a") as f:
    f.write("%d,%.2f\n" % (dakika, volti))
```

Mstari mmoja kila dakika, saa kumi za usiku, ni mistari 600 isiyofika kilobaiti 15. Nafasi ile inabeba zaidi ya miezi miwili ya usiku. Asubuhi unachomeka, unanakili faili, unampa nahodha karatasi yake.

Tahadhari: Thonny nayo ina tabia yake. Ukiunganisha, kwa kawaida inasimamisha programu inayokimbia kwenye bodi ili ikupe nafasi ya kuongea. Pico haianzi upya kama Nano, ila kazi imesimama, na ukichomoa waya bila kuiwasha tena, kikopo kinarudi ziwani kikiwa bubu. Kwenye mipangilio ya Thonny kuna mahali pa kuizuia isisimamishe. Siku ya kwanza nilichomoa waya, nikasahau kuiwasha tena programu, nikapoteza usiku mwingine. Faili la usiku uliotangulia lilikuwepo lakini, na hapo ndipo tofauti na Nano ilipo.

Pico pia ni ya volti 3.3. Rizista za kilo-omu 20 na 10 ninazotumia kugawa volti za betri kwa Nano zinaleta 4.8 betri inapochajiwa kwa 14.4. Nano inakula, Pico inaweza kuungua. Kwa Pico na ESP32 natumia 47 na 10, ambazo kwa volti zilezile zinaleta kama 2.5.

Simu: kompyuta ya asiye na kompyuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanaoniandikia kutoka Uvinza na Kibondo hawana kompyuta kabisa na wanadhani mlango umefungwa. Haujafungwa.

Unahitaji simu ya Android yenye uwezo wa OTG, yaani wa kuchomekewa vifaa vya USB, na kebo ndogo ya kugeuza. Kwa kuandika na kupakia kuna ArduinoDroid, ambayo inatafsiri programu ndani ya simu na kuipakia kwenye Uno au Nano. Inafanya kazi. Kuandika mistari mia kwa kidole gumba ni adhabu, lakini kurekebisha namba moja mwaloni, hakuna kilicho bora. Kwa kusikiliza tu, natumia Serial USB Terminal. Inazijua chipu za CH340, CP2102 na FTDI, inaweka saa kwenye mistari na, sikilizeni, inaandika faili. Kitu ambacho IDE mbili za Arduino zimenikatalia, programu ndogo ya simu inakifanya, na faili nalituma kwa WhatsApp palepale. Bodi inakula umeme wa simu, lakini Nano peke yake haili sana.

DTR haikukimbii hata hapa. Programu ya simu ikiinua mstari huo, Nano inaanza upya vilevile.

Dawa niliyoipenda ni kuacha waya kabisa. Moduli ya Bluetooth ya HC-05 inafungwa kwenye miguu ya TX na RX, nambari ya siri ya kuanzia 1234, kasi 9600. Mguu wake wa RX unataka volti 3.3, weka rizista mbili za kugawa. Kwa kuwa haigusi DTR hata kidogo, kuunganisha na kukata simu hakuigusi bodi. Mtumbwi umefungwa kwenye nguzo, wewe umesimama kwenye mchanga mita chache, mistari inakuja kwenye kioo. Ubaya wake: inatumia miguu ileile ya 0 na 1 ambayo USB inatumia, kwa hiyo lazima uichomoe kila unapopakia programu mpya, la sivyo upakiaji unagoma na utalaumu kebo bure. Na iPhone haiioni.

PuTTY na wenzake

Hawa hawapakii chochote, wanasikiliza tu. PuTTY kwa Windows, `picocom` au `screen` kwa Linux. Ukiwa na kompyuta dhaifu na unataka kurekodi usiku kucha, PuTTY inaandika faili na haili RAM. Basi.

Mitego isiyochagua zana

Kamba hukatikia pembamba, na kwenye kazi hii pembamba ni kebo. Kebo nyingi zinazouzwa sokoni ni za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Taa ya bodi inawaka, kompyuta haioni poti, unabadilisha draiva mpaka usiku. Jaribu kwanza kebo ambayo umeshahamishia picha. ESP32 ina mtego wa ziada: kebo nyembamba inashindwa kubeba umeme pale Wi-Fi inapowaka, na monita inakuandikia "Brownout detector was triggered" huku bodi ikizunguka kuanza upya bila mwisho. Programu yako haina kosa.

Ukiona herufi za ajabu, kasi hazifanani: programu inasema `Serial.begin(115200)` na monita iko 9600. ESP8266, bodi iliyoitangulia ESP32, ina kituko chake. Inapowaka inaongea kwanza kwa kasi ya 74880, halafu inahamia unayotaka, hivyo mstari mmoja wa takataka mwanzoni ni wa kawaida.

Poti ni ya mtu mmoja. Monita ya IDE ikiwa wazi, PuTTY inakataliwa, na kinyume chake. Kwenye Linux jiongeze kwenye kundi la `dialout`, utoke na kuingia tena. Kwa wenye Ubuntu 22.04: CH340 ikionekana sekunde moja na kutoweka, mhusika ni `brltty`, programu ya vifaa vya wasioona inayodhani bodi yako ni mojawapo. Kama huitumii, iondoe.

Na usiwe msemaji kupita kiasi. Kwa kasi ya 9600 bodi inatuma herufi 960 kwa sekunde. Kihifadhi cha Uno kinabeba herufi 64 tu. Kikijaa, programu yote inasimama kungoja. Nimewahi kuona pampu inachelewa kuzima kwa sababu mwenye nayo alikuwa anachapisha aya nzima kila mzunguko.

Basi uchague ipi

Una kompyuta kuukuu na Uno au Nano: IDE 1.8.19, na PuTTY ya kurekodi. Usisikilize wanaokucheka kwamba ni ya kizamani.

Huna kompyuta: Nano, kebo ya OTG, na zile programu mbili za simu. Ukipata hela ya ziada, HC-05 kabla ya kitu kingine chochote.

Unaanza leo kabisa, kompyuta ya kawaida, bando dogo: Pico na Thonny. Miaka miwili iliyopita ningekuambia Uno. Nimebadilika.

Unataka Wi-Fi, kutuma ujumbe, kuunganisha vitu vingi: ESP32. Anza na IDE 2 kama unaiweza, lakini siku ya kwanza utakayoona "Guru Meditation" usihangaike, hamia PlatformIO. Utakuwa umeshalipia bando la vifaa vya ESP32 mara mbili, ndiyo, kwa hiyo kama una uhakika wa safari yako, panda PlatformIO tangu kituo cha kwanza.

IDE 2 kwa Uno peke yake sioni sababu, labda uwe na kompyuta nzuri na unapenda kukamilishiwa majina.

Nahodha wangu sikumhamishia Pico. Nano ilikuwa tayari ndani ya kikopo, imefungwa kwa gundi dhidi ya maji, nami sikutaka kuanza upya. Niliongeza kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND, mguu chanya kwenye RESET. Inameza ule mshtuko wa DTR, bodi haijui kama kuna mtu amefungua dirisha. Ila kumbuka kuichomoa wakati wa kupakia. Nimeiwekea swichi ndogo. Halafu nikaongeza akiba: kipimo cha chini kinaandikwa kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, kila baada ya dakika kumi. Mtengenezaji anaihesabia kila seli ya EEPROM kuandikwa mara 100,000. Ningeandika kila dakika, ni mara 600 kwa usiku, ingechoka ndani ya usiku 167. Kwa kila dakika kumi, inavuka usiku 1,600.

Tukasubiri mbalamwezi ipite, maana mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa na mitumbwi inapumzika. Wiki iliyofuata alitua betri tena palepale. Safari hii nilichomeka simu.

```
dakika 611 | volti 12.04 | ya chini 11.58
```

Nikamgeuzia kioo. Akasoma namba ya mwisho mara mbili, akanitazama.

"Hiyo ya chini ilikuwa saa ngapi?"

Sikuwa nimeirekodi saa. Nikamwomba kikopo, nikafungua ArduinoDroid, nikakaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa na kuanza kuongeza mstari mmoja kwa kidole gumba.